Tanga au Nanga

Watu wa visiwani hawahitaji kufundishwa maana ya kukatika kwa mawasiliano. Bahari ikichafuka na vyombo vikalazwa, aliyeko Wete hajui wa Mkunazini kaamkaje, wala wa Mkunazini hajui kama wa Wete yu hai. Kila upande hubaki na dhana yake, na dhana ikikaa sana hugeuka yakini. Fundi mmoja wa kompyuta wa Mji Mkongwe alilijua jambo hili tangu utoto wake, walakini hakulielewa khasa mpaka usiku mmoja wa mwaka 2012, alipokuwa amekaa peke yake mbele ya seva zilizonyamaza.

Kazi aliyopewa ilikuwa ya kampuni ndogo ya kuuza vocha za simu. Katika kiza cha miezi mitatu, tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilipokosa umeme wa kutoka Bara, kampuni ile iliendesha shughuli zake kwa jenereta. Umeme wa jenereta ukapanda na kushuka mpaka mashine yao ya pekee ikafa na hesabu zote zilizomo. Mwenye kampuni akaapa kwamba hesabu zake hazitalala tena katika mashine moja. Fundi akamshauri aina ya hifadhidata ambayo haikai mahali pamoja, bali hukaa katika kundi la seva zinazolindana.

Hifadhidata ile ni MySQL Cluster, na moyo wake huitwa NDB. Asili yake ni Sweden, katika kampuni ya simu ya Ericsson, ambako mtafiti Mikael Ronström aliibuni katika miaka ya 1990 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyoruhusiwa kulala hata dakika chache. Mwaka 2003 ikanunuliwa na MySQL AB, na kwa njia hiyo ikaingia mikononi mwa kila mtu mwenye kompyuta na subira. Data yake hukaa ndani ya kumbukumbu za mashine, si katika diski peke yake, na kila kipande huwa na nakala yake katika mashine nyengine. Mashine hizo zenye kubeba data huitwa nodi za data. Ziko pia nodi za kupokea maswali ya programu na kuyajibu.

Ama nodi ya tatu ndiyo ya ajabu, nayo ni seva ya usimamizi. Hii haina hata shilingi moja ya hesabu ya mteja ndani yake. Mfano wake ni sheha na daftari la shehia: anajua nyumba ni ngapi na nani anakaa wapi, lakini hapiki katika jiko la mtu. Daftari lake ni faili dogo liitwalo config.ini, na mtu yeyote anaweza kulisoma. Mna sehemu ya seva ya usimamizi yenyewe, sehemu moja kwa kila nodi ya data, na sehemu za nodi za maswali. Kila mmoja huandikiwa nambari yake na anwani yake. Sehemu ya juu huandikwa yale yanayowahusu wote, kama vile idadi ya nakala, ambayo huitwa NoOfReplicas na kwa kawaida ni 2, na ukubwa wa kumbukumbu ambayo kila nodi itaitoa kwa ajili ya data. Seva ya usimamizi ndiyo inayowashwa mwanzo. Nodi nyengine zikiamka hazijijui. Hubisha hodi katika mlango wake, nambari 1186, na kuuliza: Mimi ni nani, na wenzangu ni akina nani? Asiyeandikwa katika daftari hapokewi.

Fundi aliandika daftari lile kwa uangalifu mkubwa, isipokuwa katika jambo moja. Mwenye kampuni alikuwa mgumu wa kutoa fedha, na mashine zilikuwa tatu tu. Mbili akazifanya nodi za data na ya tatu akaifanya ya kupokea maswali. Seva ya usimamizi akaipandisha juu ya mashine ya kwanza, pamoja na nodi ya data iliyokuwamo. Hoja yake ilikuwa kwamba usimamizi ni kazi nyepesi. Na kweli ni nyepesi. Kundi likishaamka, seva ile yaweza kuzimwa na wengine wakaendelea na kazi kama kwamba haijapata kuwapo.

Kwa wiki mbili kila kitu kilikwenda uzuri. Usiku wa wiki ya tatu, mashine ya kwanza ikaungua kipoza umeme chake. Fundi hakushtuka, kwani nodi ya pili ilikuwa na nakala kamili ya kila kitu, na hiyo ndiyo iliyokuwa sababu ya gharama yote ile. Alipoingia chumbani akakuta nodi ya pili nayo imejizima. Haikuharibika, wala data haikupotea. Imenyamaza kwa hiari yake.

Alikaa pale mpaka alfajiri akisoma maelezo. Nodi za data hupelekeana mapigo ya moyo kwa kipindi kilichowekwa, na mwenye kukosa mapigo manne mfululizo huhesabiwa amekufa. Lakini mashine haina macho. Nodi isiyosikia mapigo ya mwenziwe haiwezi kujua kama mwenziwe amekufa kweli, au yu mzima na kilichokatika ni waya baina yao. Ikiwa ni waya uliokatika, na kila mmoja akaendelea peke yake kwa kudhani mwenziwe hayupo, basi patakuwa na hesabu mbili zinazopingana, na kila moja itadai kuwa ndiyo ya kweli. Kwa hivyo, wakigawana nusu kwa nusu, hapana ruhusa ya kuendelea ila kwa idhini ya msuluhishi. Msuluhishi huyo kwa kawaida ni seva ya usimamizi. Nodi ya pili ilikwenda kumtafuta haikumwona, kwa sababu alikuwa ndani ya mashine ile ile iliyoungua. Hapo ikachagua kunyamaza kuliko kusema neno ambalo huenda likapingana na la mwenziwe.

Ndipo fundi alipomkumbuka mama yake.

Babu yake mzaa mama alikuwa mtunzi. Daftari lake la mashairi, lililoandikwa kwa khati za Kiarabu, lililiwa na mchwa zamani, na mashairi yakabaki katika vifua vya binti zake wawili wakubwa. Mmoja aliolewa Wete na mmoja akabaki Unguja. Kila mmoja aliyahifadhi yote, beti kwa beti. Mama wa fundi, aliyekuwa kitinda mimba, hakuhifadhi hata shairi moja zima. Yeye mwenyewe akicheka na kusema kwamba kichwa chake ni pakacha. Lakini yeye ndiye aliyekuwa akivuka bahari kila sikukuu. Alijua dada gani anakumbuka nini, na neno likitofautiana, alilipeleka kwa huyu na kulirejesha kwa yule mpaka likakaa sawa. Hakuna aliyeiona kuwa ile ni kazi.

Alifariki mwaka 2006, na mwaka mzima baadaye hapakuharibika kitu. Kisha, katika arusi moja ya mwaka 2007, dada wawili wale wakaombwa kusoma shairi la baba yao la kumuaga msafiri. Walipofika kwenye kituo, mmoja akasema tanga na mwengine akasema nanga.

Wapenzi wa ushairi wataona uzito wa jambo hili. Maneno mawili haya yana mizani mbili mbili, na yote yanaishia kwa nga. Kina hakiwezi kuamua baina yao, wala hesabu ya mizani. Hata daftari lingelikuwapo, lingelisaidia kidogo tu, kwa sababu katika khati za Kiarabu mwanzo wa maneno haya ni jino lile lile. Likiwekewa nukta mbili juu ni ta, likiwekewa moja ni nuni. Tofauti nzima ya shairi, baina ya baba anayemtweka mwanawe aende na baba anayemtia mwanawe nanga abaki, ni nukta moja ambayo mchwa hula mara moja.

Kila dada alikuwa na yakini yake. Maneno yakazidi, wageni wakawa wanasikia, na tangu siku ile hawakuzungumza. La kusikitisha zaidi ni kwamba wote wawili waliacha kusoma mashairi ya baba yao. Wakiombwa, husema wamesahau. Hawakusahau. Miaka mitano familia ilidhani kwamba ni ukaidi wa wazee. Fundi, akiitazama nodi ile iliyojizima na data yake yote salama ndani yake, akaona kwamba huenda haukuwa ukaidi. Kila mmoja aliogopa kuyasema peke yake yakawa si yale.

Asubuhi alitafuta kompyuta kuukuu ya karani, akaifanya seva ya usimamizi iliyo peke yake, mbali na nodi za data. Akabadilisha anwani katika config.ini na katika kila mashine iliyokuwa ikibisha hodi mahali pa zamani. Kisha akamtia na msuluhishi wa akiba: nodi ya maswali, ambayo kwa kawaida haipewi usuluhishi, akaiandikia daraja la pili katika kipengele kiitwacho ArbitrationRank. Akaiwasha upya seva, na kundi likaendelea kufuata maagizo ya zamani. Kumbe seva ya usimamizi, tangu toleo la 7.0, huweka nakala yake ya siri ya maagizo yale na haisomi tena faili lililobadilishwa mpaka iamriwe wazi, kwa kuongeza neno --reload inapowashwa. Alilitia neno lile, akawasha nodi moja moja, kisha akachomoa waya wa mashine ya kwanza kwa mkono wake. Baada ya muda mfupi nodi ya pili ikaomba idhini, ikapewa, ikaendelea na kazi.

Lakini katika maelezo yale palikuwa na jambo lililomsumbua. Msuluhishi wa mashine hapimi nani mwenye haki. Upande wa kwanza kumfikia ndio unaoishi, na wa pili huambiwa uzime. Kwa hesabu za vocha hilo ni sawa, maana mteja hawezi kuwa na salio mbili. Je, na shairi? Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyefariki karibu na mwaka 1840, yalitufikia kwa sababu yalibaki vinywani mwa watu, na kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alihangaika kuyakusanya pamoja na W. E. Taylor, hata yakachapishwa kuwa diwani mwaka 1940. Mkusanyaji wa namna hiyo hamnyamazishi msomaji wa pili kwa kuwa wa kwanza aliwahi. Huandika lile na hili.

Mwezi uliofuata alimwendea mama yake mkubwa wa Unguja na kitabu kitupu cha mistari.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na kitabu?"

"Nimekuja uniandikishe shairi la babu la kumuaga msafiri."

"Hilo nimelisahau."

"Hapo penye ugomvi hutatamka neno, Mama. Mimi nitaandika kwa khati za chuoni, na lile jino nitaliacha bila ya nukta."

Bibi alimtazama kwa muda. Kisha akaanza, polepole, kwa sauti ambayo fundi hakuisikia tangu arusi ile, na kila alipofika kwenye kituo aliruka neno moja na kugonga jamvi kwa kidole. Beti zikawa kumi na nne.

Kitabu kile kilivuka kwenda Pemba kwa boti ya Jumamosi. Bibi wa Wete alikivutia karibu na dirisha, akakisoma chote bila ya kusema kitu. Katika ubeti wa tisa alisahihisha neno ambalo dada yake alikuwa amelikosea, akacheka kidogo. Alipofika kwenye kituo akaomba kalamu. Fundi akampa. Akaishika juu ya lile jino kwa muda mrefu, kisha akairejesha.

"Yeye hajatia nukta?"

"Hajatia, Mama."

"Basi nipigie simu nimuulize huu wa tisa. Hiyo nukta tutakuja kuitia."