Vumbi la Bomang'ombe na saa ya babu

Ukitoka Moshi mjini, ukiuacha mnara wa saa nyuma yako, barabara ya Arusha inakufikisha Bomang'ombe, makao makuu ya Wilaya ya Hai. Wakati wa kiangazi vumbi huingia hadi sebuleni. Ndilo adui wa saa ya ukutani ya ufunguo aliyoiacha babu. Ikisimama, wengine huiona chuma chakavu.

Mzazi, usiitie mafuta ya kupikia. Hunasa vumbi na vyuma vya ndani vikalika. Inyooshe ukutani mpaka mlio wake ulingane, wala usirudishe mishale nyuma. Ya ndani mwachie fundi. Nyingi hujazwa mara moja kwa wiki: kila Jumapili mpe mtoto ufunguo, na umsimulie habari za babu.