Babu Mbwa

Kibao cha "Mbwa Mkali" nilikitundika getini miezi mitatu kabla sijawa na mbwa. Nilikinunua Kariakoo, kikapanda basi pamoja na sinki na mabomba ya choo, na nilipofika kwangu, juu ya Lushoto kwenye njia ya kwenda Irente, ndicho kitu cha kwanza nilichokipigilia msumari. Hiyo ilikuwa 2019. Nilikuwa na miaka 60 kamili, mstaafu mpya.

Kwa miaka 31 nilikuwa mtu wa makaratasi bandarini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kutoa mizigo ya watu, na kazi ya namna ile hukuzoesha kuamini kwamba yeyote anayebisha hodi ana shida yake anayotaka uibebe. Nilirudi nyumbani na imani hiyo kichwani. Kiwanja alichoniachia marehemu baba kilikuwa wazi pande zote, nikakizungushia ukuta wa matofali ya kuchoma, futi 7, na juu yake vipande vya chupa. Fundi aliniuliza mara moja tu: "Mzee, na hii njia ya huku nyuma?" Nikamwambia njia gani, kiwanja changu, hati ninayo. Hakuuliza tena. Alichanganya saruji.

Hakuna aliyenigombeza. Watu wa kwetu milimani hawana papara ya kugombana. Walichofanya ni kutopita kwangu. Ukiwa Dar, mwezi ukiisha bila jirani kukugongea unashukuru. Kijijini ni hukumu. Nilielewa siku ya msiba wa mtu tuliyecheza naye utotoni. Wenzangu wa rika lile walikuwa wameketi chini kwenye majamvi, wengine wanachanja kuni. Mimi nililetewa kiti cha plastiki, nikawekwa upande wa wageni waliotoka mjini, na mtoto akaniletea soda peke yangu.

Mbwa alikuja baadaye, ili kibao kisiwe cha uongo. Nilimpata kwa mtu wa Soni akiwa mdogo wa miezi miwili, rangi ya mchanga, sikio moja limeanguka. Nikamwita Askari, nikamfunga mnyororo. Niseme hapa kwamba nilikuwa namwogopa. Nikiwa na miaka 8 mbwa aliniuma paja, na enzi zile dawa ya kuzuia kichaa cha mbwa ilikuwa sindano za tumboni, 14, moja kila siku. Siku hizi unachomwa mkononi, na sindano ni chache tu. Lakini mimi nilibaki na zile 14. Kwa hiyo Askari alikuwa analia usiku kucha upande wa nyuma ya nyumba, nami nalala upande wa mbele nikiwa nimejifunika masikio.

Kilichotutoa ndani sote wawili ni sukari. Nilikwenda kupima kwa sababu ya kiu na kukojoa usiku, kikatoka kipimo cha asubuhi, kabla sijatia kitu tumboni, 8.4. Kuanzia 7.0 ndiyo ugonjwa wenyewe. Daktari, kijana mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, akaniandikia vidonge, kisha akasema: "Na utembee, mzee. Nusu saa kila siku. Siyo kutembea kwa kwenda dukani, kutembea kwa kutembea."

Sasa jaribu wewe kutembea kwa kutembea kijijini. Mwanamume anayepita njiani asubuhi ana jembe, au ana mzigo, au anaenda msibani. Asiye na kimojawapo ana lake jambo. Siku ya kwanza niliulizwa mara tano ninakwenda wapi, na mara ya tano nilidanganya. Siku ya pili nikamfungua Askari nikamshika kamba, nipate kisingizio. Kikawa kichekesho kikubwa zaidi. "Mzee anatembeza mbwa kama Mzungu!" Watoto walitufuata hadi kwenye mikaratusi wakiimba. Kabla ya Ijumaa nilikuwa nimeshapewa jina, Babu Mbwa.

Kulikuwa pia na suala la dini, na sikutaka kulifanyia mzaha. Nilimwendea ustadhi wa msikiti wetu. Akanieleza nilichokuwa nakijua nusunusu: mbwa wa kulinda, wa mifugo au wa kuwinda, kumfuga hakuna tatizo, lakini kwa madhehebu yetu ya Shafii mbwa ni najisi, na panapoguswa na mate au unyevu wake panaoshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Basi nikatenga suruali ya kutembelea, nikaweka ndoo ya maji na kopo la udongo pembeni mwa mlango wa nyuma. Mke wangu alicheka: "Bandarini ulikuwa hujui hata kufua soksi."

Tulikuwa tunatoka baada ya sala ya alfajiri. Miezi ya Juni na Julai ukungu kwetu unashuka mpaka magotini, na baridi yake mtu wa Dar haamini kwamba ni Tanga hiyohiyo. Unamsikia mtu anakohoa kabla hujamwona. Kisha unafika Irente kwenye ukingo wa mwamba, mlima unakatika ghafla, na chini kabisa unaiona Mazinde, mistari ya mkonge na nyika ya Wamasai inayokwenda mpaka macho yachoke. Nilizaliwa kilomita chache kutoka pale na sikuwa nimesimama ukingoni tangu nikiwa darasa la sita. Watalii walikuwa wanapajua kuliko mimi.

Lakini si Irente iliyonibadilisha. Ni tabia moja ya yule mbwa. Kila tuliporudi alikataa kupitia getini. Alinivuta kuzunguka ukuta hadi upande wa nyuma, ananusa chini, anafika pale pale, anakwaruza matofali. Nilidhani kuna panya. Asubuhi moja nikamwacha anuse anavyotaka nione mwisho wake, na nikaona kwamba alikuwa anafuata kijia. Nyasi zilikuwa zimeanza kukifunika, ila udongo ulikuwa bado mgumu, umekanyagwa na miguu ya miaka na miaka, unatoka kwenye chemchemi, unapanda, na unakwenda kugonga ukuta wangu katikati.

Nikiwa nimesimama pale akatokea bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Alifika ukutani, akakata kushoto, akaanza kushuka kwenye korongo lenye utelezi ili azunguke. Nilihesabu. Alichukua dakika 11 kutokea upande wa pili, mahali ambapo kwa njia ya zamani ni hatua 40. Alikuwa amepita hivyo kila siku tangu nimejenga. Nikamwamkia, "Shikamoo bibi." Akaitika marahaba, akaniuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za mbwa, wala hakutaja ukuta.

Ukuta ulivunjwa wiki ile. Si wote, niseme ukweli. Upana wa toroli kupita, upande wa chemchemi na upande wa barabara, na ua wa michongoma kutenga nyumba na njia. Fundi ni yuleyule. Safari hii pia hakuuliza kitu.

Matofali yaliyotoka yalirundikwa kando ya kijia, na ndiyo yaliyonipa wazo la tanuri. Mama yangu alikuwa mtu wa Pangani. Utotoni, tukienda kwa bibi, kulikuwa na mofa za mtama: bibi anawasha moto ndani ya tanuri la udongo lenye umbo la mtungi, ukishatulia anabandika vidonge vya unga kwenye kuta za ndani, na vinaiva huku vimening'inia. Sijala mkate uliofikia ule. Shamba la kanisa pale Irente linauza mkate wa rai kwa wageni, nao ni mzuri, mweusi na mzito, lakini mimi nilikuwa nataka harufu ya mtama na moshi.

Mtungi kama wa bibi nilishindwa kuufinyanga. Nikajenga tanuri la kuba. Chini msingi wa matofali ya ukuta, juu yake kilima cha mchanga mbichi kilichofunikwa magazeti yaliyoloweshwa, kisha tabaka la udongo wa mfinyanzi uliokandwa na mchanga na nyasi, unene wa kiganja. Udongo ukishika unakata mlango, unachota mchanga wote, kuba inabaki imesimama yenyewe. Hapo unatakiwa kusubiri wiki kadhaa likauke. Mimi nilisubiri siku nne. Nikawasha moto wa fujo, tanuri likapasuka kuanzia mlangoni hadi kisogoni. Ufa huo upo mpaka leo, nimeuziba na unarudi.

Mkate wa kwanza ulikuwa mkaa nje na uji ndani. Nilijifunza polepole. Moto uwake ndani saa mbili au zaidi, kwa matawi ya miwati niliyopogoa shambani, si kuni za msitu wa Magamba ambao ni hifadhi. Mwanzo dari ya ndani inakuwa nyeusi kwa masizi. Joto likizidi masizi yenyewe yanaungua na dari inarudi kuwa nyeupe. Hapo ndipo unakokota makaa yote nje, unapangusa sakafu kwa kitambaa chepechepe kilichofungwa kwenye fimbo, na unarusha unga kidogo. Ukiungua papo hapo, subiri. Ukigeuka rangi ya kahawia taratibu, ingiza mikate, ziba mlango. Hakuna moto tena humo; ni kuta zinazorudisha joto zililolinywa. Mkate ulioiva ukiugonga tumboni unalia kama ngoma. Ikitoka mikate, chungu cha maharage kinaingia na kulala humo hadi asubuhi.

Sasa, mgonjwa wa sukari na tanuri la mikate sita! Mimi ruhusa yangu ni kipande kimoja, cha unga usiokobolewa, uliochanganywa na mtama. Mke wangu anakula viwili. Mitano na zaidi inabaki, na mkate haungoji. Jumamosi ya kwanza niliyofanikiwa niliiweka kwenye ungo kando ya kijia. Waliopita waliuliza bei. Nikasema siuzi. Hapo wakaniogopa kuliko enzi za kibao. Mtu wa mjini anayegawa bure ana lake jambo. Ungo ulirudi ndani na mikate yake yote.

Aliyeumaliza wasiwasi ni yule bibi wa majani. Alichukua mkate Jumamosi iliyofuata bila kuuliza, na jioni akarudi na chungu. "Moto wako bado upo?" Akaingiza maharage yake. Wiki iliyofuata wakaja wanawake watatu, mmoja na mkate wa sinia tayari umeumuka. Siku hizi Jumamosi ni foleni, nami nasogezwa pembeni kwenye tanuri langu mwenyewe. Napata mapeasi, viazi, kabichi, mara nyingine kuni tu. Askari hufungwa mbali siku hiyo, na hata hivyo kuna jirani mmoja hali mkate wangu kwa sababu ya mbwa. Tunasalimiana vizuri, na simlaumu.

Sukari yangu mara ya mwisho ilikuwa 6.1. Vidonge bado nameza. Askari huchanjwa kila mwaka, nami humsimamia afisa mifugo mpaka amalize, kwa sababu ya zile sindano zangu 14. Na kwa anayesoma haya akaumwa na mbwa kesho, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na unamjua.

Msiba wa mwisho niliokwenda nilichanja kuni. Sikupewa soda.

Nawe unayejenga kijijini kwa kiinua mgongo chako, kabla fundi hajavuta kamba ya msingi, amka saa 12 asubuhi, simama kwenye kiwanja, uangalie ni nani anapita.