Safari ya Kumwona Mama Kilwa

Mama mpendwa msomaji, usingoje kuwa na fedha nyingi ndipo ukamwone mzazi wako. Mimi nilingoja miaka minne.

Nikiwa mtoto, tulilala Ndundu tukisubiri kivuko cha Mto Rufiji. Mdogo wangu aliharisha usiku ule, na mama akamnywesha maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko, hadi alfajiri. Tangu mwaka 2003 mabasi hupita juu ya Daraja la Mkapa.

Desemba iliyopita nilipanda basi la Lindi kutoka Dar es Salaam pamoja na wanangu wawili. Tulishuka Nangurukuru, tukachukua gari dogo hadi Kilwa Masoko. Chakula tulitoka nacho nyumbani, pamoja na maji yaliyochemshwa na pakiti za ORS.

Kesho yake tulivuka kwa mashua kwenda kuona magofu ya Kilwa Kisiwani. Mama ameishi Masoko miaka mingi akikitazama kisiwa kile, wala hakuwahi kuvuka. Aliketi kivulini kando ya msikiti wa kale, akaniambia, "Vitenge unavyonitumia vimejaa sandukuni, mwanangu. Nilikutaka wewe."

Dada yangu, anza leo kuweka akiba ya nauli.