Nimetumwa Mikumi Kumtuliza Dada wa Elektroni

Leo naomba tuongelee msisimko. Tulia, wala usimfiche mdogo wako gazeti, huu si ule unaoufikiria wewe. Huu ni msisimko wa elektroni. Najua nusu yenu mmeshaanza kutafuta ukurasa wa michezo, lakini nivumilieni kidogo, maana ndani yake kuna kasheshe la kifamilia, kuna ajira ya kudumu iliyoachwa mezani, na kuna shangazi yangu wa Kilosa, ambaye akikasirika hata treni inapunguza mwendo.

Kisa ni cha Juni 2023. Binamu yangu, mtoto wa huyo shangazi, ana digrii ya fizikia, na wakati huo alikuwa amepanga chumba Mikumi, anafundisha tuisheni watoto wa fomu foo. Shule moja ya binafsi ikamwita: njoo ufundishe fizikia, mshahara huu hapa, nyumba ya mwalimu ipo. Wiki hiyohiyo akapata barua nyingine, amechaguliwa kwenda Kigali kwenye mafunzo ya wiki mbili ya kukokotoa tabia za elektroni kwa kompyuta. Tarehe zikagongana. Shule ikasema haisubiri mtu. Dada akasema anakwenda Kigali.

Mimi nilikuwa Kilosa, nimekwenda kusalimia. Shangazi akaniita uani.

"Baba," ndivyo anavyoniita, kwa kuwa nimerithi jina la marehemu baba yake, "wewe unaandika magazetini, maneno unayo. Nenda Mikumi ukamtulize dada yako. Nauli analipiwa, kulala analipiwa, kula analipiwa. Nani siku hizi analipa bure? Na akirudi anarudi na nini, cheti?"

Swali zuri. Na kabla hujamcheka shangazi, ujue kwamba mto Mkondoa ulipofurika mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010, nyumba yake ilikwenda na maji, akalala kwenye hema na wanawe. Mtu wa namna hiyo ukimtajia kazi ya kudumu, anasikia ukuta na bati.

Basi bwana, asubuhi nikapanda Noah ya Mikumi. Njia hiyo inapita Ulaya. Naam, Ulaya, iko palepale wilayani Kilosa, na mimi nimefika bila pasi wala viza, kwa hiyo washikaji mnaotutesa kijiweni na habari za kwenda majuu, punguzeni mapozi. Ndani ya Noah tulikuwa tumeshonana ile mbaya. Karibu na Ulaya mzee mmoja wa siti ya nyuma akataka kushuka. Ikawa kazi. Mama wa mbele yake akabeba mtoto, kijana akanyanyua ndoo, mimi nikakunja magoti mpaka yakagusa kidevu. Mtu mmoja kasimama, gari zima limejipanga upya. Ukumbuke Noah hiyo, nitairudia.

Mikumi nilimkuta dada amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, laptopu ya mtumba juu ya stuli, feni yake inalia kama mashine ya kusaga. Shikamoo, marahaba, akanipikia ugali na samaki wa Kilombero, halafu bila hata kuulizwa akasema, "Mama kakutuma." Nikajibu ndiyo. Akacheka. "Haya, nitulize. Lakini kwanza ujue unanitulizia nini."

Hapo nikapigwa darasa ambalo fomu foo sikulipata, na ninakuletea kama nilivyolielewa mimi.

Elektroni ndani ya kitu chochote, iwe jani la mgomba au kioo cha simu yako, inapenda kukaa ngazi ya chini kabisa inayoipata. Hiyo ni hali ya utulivu. Mwanga ukiipiga inaruka ngazi ya juu, ndiyo hali ya msisimko. Huko juu haikai sana, na ikishuka inaweza kutema mwanga. Alinitoa nje kunionyesha malori ya Zambia yaliyokuwa yamejipanga barabarani kulala. Zile taa nyekundu za nyuma, za LED, ni elektroni zinashuka ngazi. Urefu wa kuruka ndio rangi. Wenyewe wanaupima kwa elektronivolti: kama 1.9 unapata nyekundu, kama 2.7 unapata bluu. Na hiyo bluu si mchezo, maana waliofanikiwa kuitoa vizuri kwenye LED, wazaliwa watatu wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa tuzo ya Nobeli mwaka 2014. Paneli ya sola ni hadithi hiyohiyo kinyumenyume: mwanga unaingia, elektroni inapanda, wewe unachaji simu.

Kwa hiyo ukijua urefu wa ngazi kabla hujatengeneza kitu, umeokoa hela nyingi za maabara. Unakokotoa kwa kompyuta, unatupa makapi, unampelekea mwenye maabara mawili matatu yanayofaa. Ndiyo kazi anayoitaka dada. Maabara ya mamilioni hana, ila ana laptopu na LUKU, tena LUKU yenyewe ya kubahatisha. Bwawa la Kidatu, megawati 204, wala haliko mbali na Mikumi, lakini unit zikiisha saa nane za usiku hesabu inakufa palepale, na asubuhi anaanza moja.

Sasa utamu uko hapa. Mwaka 1964, mwaka ambao Tanganyika na Zanzibar ziliungana na hifadhi ya Mikumi ikaanzishwa, Pierre Hohenberg na Walter Kohn walionyesha kwamba si lazima uifuatilie kila elektroni peke yake. Ukijua msongamano wao, wapi wamejazana na wapi wametawanyika, unaweza kujua nishati ya hali ya utulivu. Ni kama kuupima umati wa Kariakoo kutoka juu ya ghorofa badala ya kumuuliza kila mtu jina. Kohn akapata Nobeli ya kemia mwaka 1998. Njia hiyo leo inaendeshwa hata kwenye laptopu ya mtumba.

Lakini inajua waliokaa tu. Iulize habari za anayesimama, inapotea. Dada alinionyesha silikoni, ile ya paneli za sola. Pengo la kuruka lililopimwa maabara ni elektronivolti 1.1. Laptopu yake ilikuwa imetoa 0.6. Yaani karibu nusu, na wala hakukosea kubonyeza. Ndiyo tabia ya njia yenyewe, dunia nzima inapata hivyo.

"Kwa nini?" nikauliza.

"Umekujaje hapa?"

"Na Noah."

"Kuna mtu alishuka njiani?"

Nikamweleza habari za yule mzee wa Ulaya. Akapiga makofi. "Basi umeshajua. Ukiwa na ramani ya siti tu, huwezi kujua gharama ya yule mzee kusimama, kwa sababu akisimama yeye, wote mnajipanga upya." Kuna Mswidi, Lars Hedin, aliyeandika mwaka 1965 jinsi ya kuhesabu huko kujipanga. Njia yake inaitwa GW, na ukiitumia silikoni inasogea karibu na 1.1. Halafu kuna jambo la pili, na hili wapenzi wa safu za mahaba mtalipenda. Elektroni ikiruka inaacha tundu, na lile tundu linaivuta. Kama abiria aliyesimama kujinyoosha huku mkono mmoja ameushika mgongo wa siti yake, asije akakaliwa. Wameachana lakini hawajaachana. Kuwahesabu hao wawili pamoja kuna mlinganyo wake mwingine, wa Bethe na Salpeter, wa mwaka 1951, na huo ndio unaosema kwa usahihi zaidi kitu kitameza mwanga wa rangi gani.

Tatizo ni gharama. Ukiongeza atomu mara mbili, hesabu ya utulivu inapanda kama mara 8, ya GW kama mara 16, na ya wale wapenzi wawili ni balaa kabisa. Ndiyo maana watu wanahitaji kufundishwa. Programu zenyewe ni za bure. Moja inaitwa Quantum ESPRESSO, nyingine Yambo, ambayo kwa sikio langu ni kama Mzungu anajaribu kusema jambo. Ila ukizishusha bila mtu wa kukuelekeza, zinakupa namba nzuri za uongo, na wewe unazishangilia.

Mafunzo aliyoitiwa dada yanaitwa ASESMA, shule ya Afrika ya mambo haya, na miongoni mwa walioianzisha ni Mmarekani Richard Martin na Nithaya Chetty wa Afrika Kusini. Inahamahama kama mwenge: Cape Town 2010, Eldoret hapo Kenya 2012, Johannesburg 2015, Accra 2016, Addis Ababa 2018, na sasa ilikuwa zamu ya Kigali. Watu wanagawanywa vikundi, kila kikundi na kazi yake, na wiki mbili zikiisha hawaagani, wanaendelea kufanya kazi pamoja wakiwa makwao.

Hapo nikamtolea swali la mama yake, nani analipa bure. Akanipa kisa cha Abdus Salam, Mpakistani. Salam alisoma Uingereza, akarudi kwao Lahore mwaka 1951 kufundisha, akajikuta hana mtu hata mmoja wa kuzungumza naye fizikia yake. Mwaka 1954 akarudi Uingereza. Inasemwa kwa kifupi hivyo, lakini fikiria, mtu unachagua kati ya kwenu na kazi yako. Mwaka 1964 huohuo akaanzisha kituo Trieste, Italia, ili wa nchi maskini waende, wachote, warudi makwao wasife njaa ya akili. Nobeli yake ilikuja 1979. Kituo hicho kina taasisi dada Kigali tangu 2018.

"Mimi sitaki kuhamia Ulaya," dada akasema, "wala ile ya Kilosa. Nataka nikae hapa nifanye kazi hii. Nikikosa hawa watu, nitakuwa nafundisha watoto mambo ambayo mimi mwenyewe niliishia mlangoni."

Nitasema ukweli, sikumtuliza. Lakini pia sikumwambia mama yake ana makosa, kwa sababu hana. Mafunzo hayalipi kodi ya chumba. Nchi hii ukisema wewe ni fundi wa hali za msisimko, hakuna dirisha utakaloelekezwa kupeleka barua. Mimi nisiye na mshahara wa mwisho wa mwezi najua ladha yake, na si tamu. Nilimwambia hivyohivyo. Akanitazama, akasema anajua, akaendelea kukunja nguo zake.

Kesho yake akapanda basi la Dar. Nafasi ya kule shuleni akapewa mtu mwingine kabla hata ndege haijatua Kigali. Mimi nikarudi Kilosa na majibu, shangazi akaninyima maneno siku tatu. Chakula ananipa, maneno hanipi.

Aliporudi, dada alikuwa na kikundi. Wanashughulikia kemikali ya sesiamu, bati na iodini, ya ukoo wa zile paneli mpya zilizoanza mwaka 2009 huko Japani zikigeuza umeme asilimia 3.8 tu ya mwanga, na sasa maabara zimevuka 25. Zile nzuri zaidi zina risasi ndani, na risasi ni sumu. Wao wanapima kama bati inaweza kuchukua nafasi yake. Hesabu hiyo laptopu haiwezi. Kwa hiyo anakaa palepale Mikumi, anafungua intaneti ya simu, anatuma kijifaili kidogo kuliko picha ya harusi kwenda Cape Town, kwenye kompyuta iliyozinduliwa 2016 inayofanya hesabu milioni moja ya bilioni kwa sekunde. Inaitwa Lengau, kwa Kitswana maana yake duma. LUKU ikikatika duma haishtuki. Asubuhi anavuta majibu, jioni tuisheni.

Mpaka naandika haya hajapata ajira. Ameandika maombi ya shahada ya juu mara mbili; moja limekataliwa, moja halijajibiwa.

Shangazi hajasamehe, lakini kuna kitu kimemwingia. Mara ya mwisho nilipokwenda aliniuliza, sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za mkwe, "Ile namba ya dada yako, ya mchanga, imefika moja nukta moja?"

Nikamwambia imepita kidogo, ni 1.2.

"Mwambie aipunguze," akasema, akaenda kuanua nguo.