Samaki Ndani ya Kontena

Saa nane usiku simu ililia kando ya kichwa changu. Ilikuwa zamu yangu, na bado nilikuwa kwenye kipindi cha majaribio kazini, mwezi wa pili kati ya mitatu. Malipo ya waendesha boda yalikuwa yamekwama. Nikafungua laptopu hapo hapo kitandani, kwenye bedsita yangu ya Roysambu, nikaandika amri ya kuingia kwenye kontena lililokuwa likishughulikia malipo hayo. Nikaomba bash. Nikajibiwa kwamba hakuna kitu kama hicho.

Sheli, kwa wale ambao hawajawahi kukaa mbele ya kile kioo cheusi, ni programu inayosoma amri unazoandika na kuituma kompyuta kazi. Ziko nyingi, na watu huzishabikia kama timu za mpira. bash ilitoka 1989 na utaikuta karibu kila seva ya Linux. Mimi ni mtu wa fish, ya 2005. Ukianza kuandika amri, inakukumbusha kwa maandishi ya kijivu ile uliyoandika juzi, wewe unabonyeza tu mshale wa kulia. Na ndiyo, natoka Kisumu, kwa hivyo utani wote kuhusu samaki nishausikia, asanteni.

Kwa miaka minne nilikuwa nimeipamba hiyo fish. Amri ndefu za kusoma kumbukumbu za seva nilizifupisha zikawa herufi mbili mbili. Kusema kweli, sikujua tena amri zenyewe zinaandikwaje.

Imeji ni kifurushi cha programu na vitu inavyohitaji. Kontena ni kifurushi hicho kikiwa kazini. Imeji yetu ilijengwa juu ya Alpine, yenye takriban megabaiti 5. Ya Ubuntu hupita 70. Kifurushi kidogo hushuka haraka na kina milango michache ya mwizi. Humo hukuti bash wala fish. Kuna BusyBox, faili moja linalojifanya amri nyingi: ls ni yeye, grep ni yeye, hata sheli, ash, ni yeye. Bruce Perens aliianza 1995 ili mfumo mzima uenee kwenye flopi moja.

Nikaandika sh, nikaingia. Alama ya # na kimya. Hakuna kijivu, hakuna rangi, na vifupisho vyangu havijulikani. Nilijihisi kama mtu aliyeingia mtihani bila miwani. Basi nikafanya ujinga: apk add fish. Kisha nikaanza kuvuta mipangilio yangu yote kutoka mtandaoni.

Kontena lile lilikuwa limepewa nguvu kidogo, na mimi nilikuwa ninakula kwenye sahani ile ile. Kubernetes, msimamizi wa makontena yetu, huiuliza programu kila mara kama iko hai. Isipojibu, kwa kawaida mara tatu mfululizo, kontena huuawa na jingine huanzishwa kutoka imeji ile ile. Programu iliyokuwa tayari inahema ikashindwa kujibu. Kioo kikaganda, nikatemwa nje.

Niliporudi ndani, fish haikuwepo. Hilo ningelivumilia. Lakini hata faili lililokuwa /tmp, lenye orodha ya malipo yaliyokwama, halikuwepo. (Nani aliamua orodha ya pesa za watu ikae /tmp? Hiyo ni hadithi ya siku nyingine.)

Asubuhi nilimweleza kiongozi wa timu yetu.

"Kwani ulikuwa unatafuta nini mle?"

"Faili la malipo, madam."

"Na kulisoma kunahitaji nini?"

"cat."

"cat ilikuwepo?"

Nikanyamaza.

Tulishinda siku mbili tukilinganisha safari na malipo, mtu mmoja mmoja. Mwendesha boda mmoja alipiga simu ofisini, nikapewa mimi niongee naye. Hakufoka. Aliuliza tu, "Sasa kijana, leo nitajaza mafuta na nini?"

Baadaye madam alinionyesha kubectl debug, iliyokomaa na Kubernetes 1.25 mwaka 2022. Unaweka kontena la muda kando ya lile lenye shida, lenye imeji yako mwenyewe, hata yenye fish ukitaka. Unaziona michakato za mwenzake, na faili zake unazifikia kupitia /proc/1/root, bila kusakinisha chochote kwake. Mgeni anakuja na kigoda chake, anaketi uani.

Nilipita majaribio, sijui vipi. Imeji yangu ya fish ninayo na ninaitumia. Ila Jumapili jioni, kabla ya wiki ya zamu, hufungua kontena tupu la Alpine na kuandika zile amri ndefu herufi kwa herufi. Jana nilikwama kwenye ya tatu.