Mto Tana: Maji, Malisho na Moto

Ndugu zetu katika imani, miongoni mwa mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) ni kwamba watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Anayetaka kuyaona mafunzo hayo kwa macho yake na aifuate njia ya Mto Tana.

Mto huu, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, hukata takriban kilomita 1,000 kutoka Mlima Kenya na safu ya Aberdare hadi baharini Kipini. Huko juu, maji ya tawi lake moja, mto Thika, huzuiwa katika bwawa la Ndakaini, nayo ndiyo sehemu kubwa ya maji yanywewayo Nairobi.

Ukishuka, mto hupita katika mabwawa matano yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968. Masinga, lililo kubwa kuliko yote, lilikamilika mwaka 1981. Maji huzungusha mitambo, ukapatikana umeme. Huo ndio moto wa zama zetu, nasi twauwasha majumbani na misikitini pasi na kukumbuka ulikotoka.

Kisha mto huingia nchi kavu, ukapita Garissa, Hola na Garsen. Wapokomo hulima migomba, miembe na mpunga kandokando yake. Waorma huteremsha ng'ombe wao wakati wa kiangazi, kwani nyasi za delta hubaki mbichi kwingine kunapokauka.

Zamani mafuriko yalikuja na mvua za masika na vuli, yakieneza tope lenye rutuba mashambani. Mabwawa yamepunguza mafuriko hayo na kulizuia tope. Kule Ozi, karibu na Kipini, bahari inapojaa huyasukuma maji matamu ya mto hadi katika majaruba ya mpunga. Mto ukidhoofika, kinachopanda ni maji ya chumvi, na mpunga hufa.

Mwaka 2012 delta hii iliorodheshwa kimataifa miongoni mwa ardhi oevu zenye umuhimu mkubwa. Mwaka huo huo yakazuka mapigano baina ya wakulima na wafugaji, wakafa watu zaidi ya 100, wakiwamo akina mama na watoto wadogo. Walioteta juu ya maji na malisho walikuwa ni majirani.

Ushirika, basi, si neno la mimbarani tu. Aliye juu ana amana ya aliye chini. Mkulima ana amana ya mfugaji, na mfugaji ya mkulima. Nasi tumefunzwa tusifanye israfu ya maji hata tukitawadha kando ya mto utiririkao. Enyi mama wa nyumba, wafunzeni watoto adabu hiyo penye mfereji na penye taa: kila tone na kila mwanga una mshirika tusiyemwona.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuilinda neema hii. Amin.