Sauti Aliyoirithi kwa Mama

Wazazi wengi wa huku Kasongo na Kabambare huogopa mtoto anaposema anataka kuwa mwimbaji wa orkestra. Mimi nawaomba wasikie kwanza habari za Papa Wemba.

Alizaliwa tarehe 14 Juni 1949 Lubefu, katika Sankuru, upande wa magharibi ng'ambo ya Lualaba, kwa Watetela walio ndugu wa Wakusu wetu. Mama yake alikuwa mwombolezaji: kazi yake kuimba penye matanga. Kwake mtoto alijifunza kupandisha sauti na kuishusha hata watu walie. Baadaye, Kinshasa, aliimba katika kwaya ya kanisa. Hizo ndizo shule zake mbili.

Desemba 1969 alikuwa mmoja wa vijana walioanzisha Zaïko Langa Langa. Waliacha tarumbeta za wakubwa wao, wakatanguliza magitaa na ngoma, kama walivyofanya vijana wa Ulaya wa muziki wa roki. Mwaka 1974 alitoka, na mwaka 1977 akaunda orkestra yake, Viva La Musica. Humo walipitia Koffi Olomide na King Kester Emeneya. Kisha akaimba kwa jina lake mwenyewe, na sahani yake Emotion ya mwaka 1995 ilisikiwa mbali sana. Lakini mimi, kila nikimsikia, nakumbuka mama zetu matangani: ni sauti ile ile nyembamba inayopanda juu, ikikataa kunyamaza.

Sifa nazo zina mtego. Mwaka 2003 alikamatwa Ufaransa akatiwa gerezani, na mwaka 2004 mahakama ya huko ikamhukumu kwa kusaidia watu kuingia Ulaya bila ruhusa, wakihesabiwa kuwa wanamuziki wake. Sauti nzuri haimwondoi mtu chini ya sheria. Alipotoka, alirudi kuimba. Tarehe 24 Aprili 2016 alianguka jukwaani Abidjan, mbele ya watu, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 66.

Basi, wazazi, msikimbilie kumkataza mtoto. Mpelekeni kwenye kwaya ajifunze kuwangojea wenzake. Mwacheni aketi karibu na bibi zake wanapoomboleza, maana nyimbo hizo zikifa pamoja nao hatutazipata tena. Tena mfundisheni kuhesabu fedha kwa haki na kukataa njia za mkato. Sauti mtu huipewa bure. Kuitunza ndiyo kazi, na kazi hiyo huanza nyumbani.